Kinasa Sauti cha Hisham na Radhi ya Bi Sheikha

Duka la Hisham bin Saud liko mtaa wa Mlandege, Unguja, baina ya muuza mabegi na fundi wa simu, na upana wake hautoshi watu wanne kusimama pamoja. Zamani kuta zake zilijaa kanda za kaseti mpaka darini. Leo kuta hizo ni tupu, na chokaa inabanduka pale zilipokuwa rafu. Pana meza moja na kompyuta moja, na ndani ya mtoto wa meza mna kitu ambacho ndicho hasa kinachompatia riziki yake: kinasa sauti cha mkononi, kilichokunjwa katika kitambaa cha kanzu kuukuu.

Kinasa hicho si kikubwa kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Juu yake pana maikrofoni mbili mfano wa pembe za konokono, mbele kina kioo kidogo cha kuonyesha namba, na ubavuni kina vitufe ambavyo maandishi yake yamekwisha kufutika kwa vidole. Hisham hayahitaji maandishi hayo. Anajua kwamba sheikh mwenye sauti ya kifua hunaswa kwa kiwango cha chini, kwani kiwango kikiachiwa juu maneno yake hupasuka. Anajua kwamba feni ya dari ina mvumo mzito ambao una kitufe chake cha kuukata. Na rekodi ya kuhifadhiwa yeye haibani ikawa ndogo, hata ikila nafasi yote ya kadi, kwa sababu sauti iliyokwisha kubanwa hairudi tena ikawa kama ilivyotoka kinywani.

Huitwa kwenye darsa, kwenye khitma na kwenye harusi, lakini shughuli anazoitwa kwa wingi ni maulidi ya wanawake. Mwanamme, bila shaka, hakai chumba kimoja na wanawake wanaosoma. Hisham hufika mapema, kabla mikeka haijajaa, akakiweka kinasa juu ya kibao mbele ya msomaji, akakitengeneza, akatoka, akakaa barazani mpaka aitwe. Huko barazani havai spika za masikioni ili achunguze mambo yanavyokwenda ndani, kwani kwake yeye kusikiliza ni sawa na kuingia.

Palikuwa na mnasaji mwengine mtaa wa Ng'ambo ambaye hakuwa na hadhari hiyo. Katika maulidi ya nyumba moja, baina ya kasida na kasida, wanawake wawili walinong'ona habari ya ndoa ya mwenzao, na kinasa kikanasa. Rekodi ikatolewa nakala, nakala zikatembea, na mwanamke aliyesemwa akarudishwa kwao na nguo zake. Tangu hapo Hisham alijiwekea utaratibu. Kinasa chake kina uwezo wa kujianzisha chenyewe: sauti ikiwa chini ya kiwango ulichokipanga, hulala, na ikipanda juu ya kiwango hicho, huamka na kuanza kunasa. Yeye alikipandisha kiwango hicho mpaka ikawa kinasa hakiamshwi na mnong'ono wala mazungumzo, ila na msomaji anayepaza sauti au wanawake thelathini wanaoitikia kwa pamoja. Juu ya hayo, hakuwa akisikiliza alichokinasa katika vyumba vya wanawake. Alikitoa nakala tu na kumkabidhi mwenye shughuli.

Kwa sababu hiyo alipendwa majumbani, na kwa sababu hiyo pia alitaniwa.

"Hisham," Bi Mwanakheir alimwambia siku moja, mbele ya wanawake waliotangulia kufika. Bi Mwanakheir ni msomaji mashuhuri wa maulidi, mwenye ulimi usiokaa kinywani. "Hicho kidude chako kimelala, au kinatuchungulia?"

"Kimelala, Bi Mwanakheir. Hakiamki mpaka muitikie."

"Basi kina adabu kukushinda wewe, uliyekuwa ukituchungulia kwa tundu ya ufunguo!"

Wanawake waliangua kicheko, na Hisham akatoka nje masikio yakimuwaka.

Mtu pekee aliyekuwa naye karibu hapa duniani alikuwa dada yake, Bi Sheikha. Mama yao aliwafia mapema, na Sheikha ndiye aliyemlea Hisham, akamfunza kusoma, akamchapa na akamlisha. Alikuwa akikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya Sokomuhogo, akisomesha wasichana Qur'ani, na sauti yake ilikuwa ya kutajwa. Mchuuzi wa samaki aliyepita uchochoroni alijua sura gani inasomwa juu. Mumewe alifariki akamwachia mtoto mmoja wa kike, Lamya.

Lamya alipokuwa mkubwa alikwenda Maskati kukaa kwa ami yake, na huko akaposwa na mtu aliyemzidi umri sana, tena mwenye mke. Bi Sheikha alikataa. Ami, ambaye ndiye walii wa Lamya, mwenye haki kisheria ya kumwozesha, akaozesha. Habari ilifika Sokomuhogo baada ya ndoa kufungwa na biriani kuliwa. Bi Sheikha aliichukua simu, akamwambia mwanawe kwa sauti ile ile iliyokuwa ikifika uchochoroni:

"Sikuwii radhi, Lamya. Hai wala maiti."

Kisha akaweka simu, na hakumtaja tena, ingawa kila Idi Hisham alimwona akiichukua simu na kuirudisha bila ya kupiga.

Mtu wa kwengine huenda akaliona neno hilo kuwa ni la hasira, la kupita na siku zake. Lamya hakuliona hivyo. Mimba yake ya kwanza ilitoka, na ya pili ikatoka. Mara zote mbili alimpigia simu mjomba wake, na mara zote mbili hakulaumu daktari wala mume.

"Ni lile neno la mama, Mjomba. Linanifuata."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Hiyo ni kadari."

"Kadari na neno la mama. We mwambie tu aniwie radhi. Sitaki kitu chengine."

Hisham alipeleka ujumbe, na dada yake alimsikiliza huku akichambua mchele. Aliyekuwa akimjua aliona kwamba mchele ule ule ulikuwa ukichambuliwa kwa mara ya pili.

Maradhi yalimwanza kama mafua. Sauti ilikwaruza, wanafunzi wakacheka, naye akawatisha kwa fimbo badala ya ulimi. Baadaye akawa anasomesha asubuhi tu, kwa kuwa alasiri sauti haikuwapo. Alipopelekwa kwa madaktari ilibainika kwamba ni saratani ya koo, na kwamba pa kuikata ni Dar es Salaam. Daktari alimweleza waziwazi: wakimpasua, watakitoa chombo cha sauti chote. Akipona, ataishi bila ya sauti. Mpaka siku hiyo asiseme ila la lazima, kwani kilichobaki ni kidogo.

Wakati huo huo Lamya alikuwa na mimba ya tatu, na madaktari wa huko walimkataza kupanda ndege.

Bi Sheikha alimwambia ndugu yake kwamba anataka kumwia radhi mwanawe kabla sauti haijamwisha, na kwanza alijaribu simu. Alipiga mwenyewe, Hisham akiwa ameketi mbele yake. Lamya aliitika: "Haloo? Nani? Haloo, mbona husemi?" Mama yake alikuwa anasema. Alisema mpaka jasho likamtoka kipajini, na upande wa pili hakikufika kitu ila pumzi. Lamya akakata. Hisham akapiga papo hapo na kumfahamisha kwamba aliyepiga alikuwa mama yake, na kwamba moyo wake umelainika.

"Kweli, Mjomba?"

"Kweli. Anataka kukuwia radhi."

"N'taka kusikia kwa mdomo wake. Mtu mwengine asinambie. Hata wewe. Nisamehe, lakini hata wewe."

Hisham alipendekeza ujumbe wa sauti wa simu, ambao Lamya angeuweka sikioni na kuusikiliza taratibu. Bi Sheikha alitikisa kichwa. Kwa sauti iliyokuwa kama ya karatasi ikikunjwa alimuuliza kama amesahau ule ujumbe wa mama mmoja wa mtaani, aliomtumia mwanawe kwa siri, ukaishia kusikilizwa kinyozini. Kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wa kanzu ya ndugu yake, kilimokuwa kinasa.

"Hicho kidude chako," alisema. "Nitie humo. Ukampe mkononi mwake."

Ndivyo ilivyokubaliwa. Siku moja kabla ya safari ya Dar, baada ya sala ya alasiri, Hisham alipanda ghorofani na kinasa chake. Hakupata kuifanya kazi yoyote kwa uangalifu kama ile. Alizima friji kwa sababu ya mngurumo wake. Alifunga madirisha, ingawa kunguru waliokuwa juu ya mabati ya jirani walisikika vivyo hivyo. Feni aliiacha, kwani ulikuwa msimu wa joto na mgonjwa asingeweza kupumua bila ya upepo, akabonyeza kitufe cha kuukata mvumo wake. Alipanga sauti isibanwe. Alikipandisha kiwango cha kupokea karibu na mwisho, akakiweka kinasa juu ya kigoda, pembe zake zikielekea mdomo wa dada yake.

"Hebu sema kidogo nipime," alimwambia.

Bi Sheikha alikataa kwa mkono. "Nikipima, n'tamaliza. N'na maneno ya safari moja tu."

Basi Hisham alipima kwa sauti yake mwenyewe, akiipaza kama msomaji. Alisema, "Bismillahi, moja, mbili," na taa nyekundu ikawaka sawasawa.

Kikabaki kile kipengele cha kujianzisha. Hakukisahau. Alikifungua, akakitazama, akafikiri. Dada yake angelia. Hilo alikuwa na yakini nalo, na hakupata kumwona akilia mbele ya mtu tangu kufa kwa mumewe. Je, kilio chake kinaswe, kikasikilizwe Maskati katika nyumba ya mume ambaye hakumtaka? Aliona kwamba kinasa kikilala wakati wa kilio na kuamka wakati wa maneno, ndivyo heshima yake itakavyohifadhiwa, kama alivyowahifadhia wengine miaka yote. Kuhusu unyonge wa sauti hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa alikwisha kukipandisha kiwango cha kupokea, naye alidhani kwamba hicho kikipanda, kile cha kuamshia hushuka chenyewe. Hakishuki. Kila kimoja kina mahali pake. Hakuwa amelijua hilo kwa sababu hakuwa amepata kuweka mbele ya kinasa kile mtu mwenye sauti ya mgonjwa.

Akakiacha kipengele kama kilivyokuwa.

"Nikae?" aliuliza.

"Ukae ufanye nini? Haya ya mama na mwanawe."

"Nikikaa nitakuwa shahidi, dada."

"Shahidi wangu kidude chako. Haya, toka."

Alitoka, akaufunga mlango, akaketi kwenye ngazi. Mlango wa chumba kile ni wa mbao nene za zamani, na kilichopenya kwake ni kikohozi tu, mara kwa mara, na baina ya kikohozi na kikohozi kimya kirefu ambacho kwa hakika hakikuwa kimya. Jua lilihama kutoka ukuta hadi ukuta. Hatimaye alisikia pete ikigongwa kwenye ubao wa kitanda, akaingia.

Uso wa Bi Sheikha ulikuwa umerowa mpaka shingoni, lakini ulikuwa umetulia. Alifungua kinywa, na hakikutoka chochote, hata ule mkwaruzo. Kwa midomo tu alisema: Nshamaliza.

Lau Hisham angelikitazama kioo wakati huo, angeliona namba ya dakika zilizonaswa, ndogo mno kwa muda ule mrefu, na huenda pangelikuwapo bado la kufanya. Hakukitazama. Maneno yalikuwa ya mwanamke, yamesemwa faraghani, na hata urefu wake haukuwa haki yake kuujua. Alikizima kinasa, akaitoa kadi, akaitia katika kikasha kidogo, akakiziba kwa gundi, akaandika juu yake jina la Lamya.

Walivuka kwa boti ya asubuhi. Upasuaji ulifanyika, na kwa siku chache ilionekana kwamba Bi Sheikha ataishi. Alilala na bomba shingoni, akimtazama ndugu yake kila aingiapo. Siku moja alinyanyua kidole na kukielekeza kwenye mfuko wa kanzu. Hisham alikitoa kikasha, akamwonyesha. "Kipo, dada. Kitafika." Bi Sheikha alifumba macho kama mtu aliyelipwa haki yake. Hakuomba kalamu wala karatasi, kwani kwa yakini yake hakuwa amebakisha neno. Baada ya hapo homa iliingia kwenye kidonda, na haikutoka. Alirudishwa Unguja ndani ya jeneza, akazikwa Mwanakwerekwe kabla ya magharibi.

Lamya alijifungua salama mwezi uliofuata, mtoto wa kike. Alipoambiwa habari ya kikasha alisema kitu kimoja: "Usinitumie. Usimpe mtu. N'takuja kukichukua." Akangoja mpaka arubaini yake ya uzazi ikamalizika, akapanda ndege na mtoto mikononi.

Alifika dukani asubuhi, moja kwa moja kutoka kwenye taksi, Bi Mwanakheir akiwa naye kumpokelea mtoto. Hisham alimkumbuka msichana mwembamba mwenye kucheka ovyo. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamke mzima, mwenye mashavu mazito na weusi chini ya macho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Pole na safari."

"Nshapoa. Kiko wapi?"

"Kaa kwanza, upumzike."

"Nimepumzika miaka mingapi? Nipe."

Alikivunja kikasha mbele yake ili aone kwamba hakikuguswa, akaitia kadi kwenye kinasa, akampa spika za masikioni. Kisha, kwa kuwa ilimlazimu kuitafuta rekodi yenyewe, alikitazama kioo. Aliiona namba. Palepale alielewa kila kitu, na mkono wake ukabaki juu ya kitufe bila ya kubonyeza.

"Bonyeza, Mjomba."

Akabonyeza.

Lamya alisikiliza akiwa amesimama, kiganja kimoja ukutani. Mwanzoni uso wake ulifunguka. Halafu ukafungika. Alisubiri, akaikunja shingo kama mtu anayetafuta sauti mbali, akasubiri tena. Akazivua spika.

"Imekatika. Sikiliza."

"Mimi sisikilizi ya wanawake, Lamya. Unajua."

"Sikiliza, nimekwambia!"

Hisham akasikiliza. Kwanza ilikuja sauti yake mwenyewe, nene na yenye afya: bismillahi, moja, mbili. Kisha mlango kufungwa. Kisha kikohozi, na nyuma ya kikohozi, kabla kinasa hakijalala tena, maneno mawili ya karatasi ikikunjwa: "Lamya, mwanangu." Halafu kunguru. Halafu kikohozi chengine, na: "Siku ile nilikwambia sikuwii radhi, hai wala…" Hapo pakakatika. Kunguru tena. Kikohozi, na: "…huyo mumeo…" Pakakatika. Pete ikagonga ubao wa kitanda. Mwisho.

Kinasa kilikuwa kikiamshwa na kikohozi. Baada ya kila kikohozi kilibaki macho kitambo kidogo, kikakisia kwamba hapana mtu anayesema, kikalala.

"Yako wapi mengine?" Lamya aliuliza.

"Hayapo."

"Yametoka? Yamefutika?"

"Hayakunaswa. Nilikiweka kilale sauti inaposhuka. Sauti yake yote ilikuwa chini. Kosa ni langu, Lamya, si la mashine."

"Kwa nini ukiweke kilale?"

"Ili kisinase kilio chake."

Lamya alimtazama. "Alilia?"

"Uso wake ulikuwa umerowa."

"Kwa huruma au kwa ghadhabu?"

Bi Mwanakheir, aliyekuwa akimtikisa mtoto mlangoni, alijongea akamsemea Hisham sikioni, "We Hisham, sema ulisikia nyuma ya mlango! Neno moja tu. Nani atakuja kukuuliza?"

Alisema kwa kunong'ona, lakini duka ni dogo. Lamya naye alisikia, na badala ya kukasirika aligeuka akamwangalia mjomba wake kwa macho ambayo mtu huyatazama mara moja asiyasahau. Macho yalikuwa yanaomba.

"Ulisikia, Mjomba?"

Ungelikuwa uongo mdogo, na wenye rehema. Hakuna aliye hai ambaye angeliweza kuubatilisha. Lakini Hisham alikuwa ameishi kwa kuaminiwa jambo moja tu, kwamba kinachotoka kwake ni kile kilichosemwa, bila ya kuzidi wala kupungua.

"Nilikuwa nje," alisema. "Nilisikia kikohozi. Wallahi alinambia kabla, kwa mdomo wake, kwamba anataka kukuwia radhi. Hilo naliapia. Nilipoingia baadaye uso wake ulikuwa umetulia, na hilo naliapia. Alichokisema humo ndani sikukisikia, na siwezi kukushuhudia nisichokisikia."

"Alitaka," alisema Lamya. "Mama alitaka mengi. Kila Idi alitaka kunipigia simu, hukunambia mwenyewe? Akifika kwenye simu anaghairi."

"Matendo huhesabiwa kwa nia, mwanangu."

"Mbele ya Mungu, ndiyo. Mie nilitaka nisikie." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ungenambia tu umesikia, Mjomba. Ningekuamini."

"Najua kwamba ungeniamini."

Bi Mwanakheir alisonya. "Wanaume wa haki hawa," alisema, "Mungu atuepushe nao," akamgeuzia mtoto bega la pili.

Hisham alifanya aliyoweza kuyafanya. Aliichomeka kadi kwenye kompyuta, akaikuza kila sehemu, akatafuta kabla na baada ya kila kikohozi. Hakukuwa na kitu. Sauti iliyonaswa kwa unyonge huweza kukuzwa, lakini isiyonaswa haina pa kushikwa. Alimweleza hivyo Lamya bila ya kuzungusha maneno, naye alitikisa kichwa kana kwamba habari hiyo ilimhusu mtu mwengine.

Baadaye Lamya alisema, "Nikatie pale anaponita. Jina langu na mwanangu, basi. Lile neno usinitilie."

Hisham hakupata kumkatia mtu rekodi. Waliwahi kumjia wenye kutaka kuondoa kosa la msomaji au jina la mgeni waliyekosana naye, akawarudisha wote. Alikaa kidogo mikono yake juu ya meza. Halafu akakata. Yalipatikana maneno mawili, yenye kikohozi mbele yake na ukingo wa kimya nyuma.

"Na iliyobaki?" Lamya aliuliza. "Utaifuta?"

"Sauti si yangu, wala si yako. Siwezi kuifuta."

"Basi iweke mbali nami."

Alimtilia maneno yale kwenye simu yake. Nje, muuza mabegi alikuwa amewasha kipaza sauti chake, na bei za mabegi zilipita juu ya watu wote wa Mlandege kama kawaida ya asubuhi. Lamya alizitia spika masikioni, akaziba juu yake kwa viganja viwili, akafumba macho. Alisikiliza. Akasikiliza tena. Mtoto alianza kulia mlangoni, na Bi Mwanakheir akatoka naye juani.

"Siskii vizuri," alisema Lamya. "Iongeze."

Hisham aliichukua simu, akatazama kiwango cha sauti, akamrudishia.

"Hapa ndipo mwisho wake," alisema.